Ushauri: nani akae na nani kwenye rafu moja ya midoli ya mashujaa?

Kabati la Kisasa
Wakuu, habari za jioni. Ninaishi Kisasa, Dodoma, na nina midoli ya mashujaa 15: tisa ni G.I. Joe wadogo wa inchi 3.75, watano ni He-Man na wenzake walioandikwa 1981 mgongoni, na mmoja ni G.I. Joe mkubwa wa inchi 12. Rafu niliyoruhusiwa na mke wangu sebuleni ni moja tu. Je, niwapange kwa kampuni, kwa mwaka au kwa kimo? Nafikiria kumwondoa huyo mkubwa kwa kuwa anawafunika wenzake. Usingizi umeanza kunipaa. Naomba kuwasilisha.

Zabibu Kavu
Panga kwa kimo, mkuu. Wale wa inchi 3.75 wako katika uwiano wa 1 kwa 18, yaani ukimkuza mmoja unapata mtu wa futi tano na nusu hivi, ilhali He-Man ana inchi 5.5 na kifua cha fahali, kwa hiyo akisimama katikati yao wataonekana wanawe. Tena uwaepushe na dirisha: viungo vya hao wadogo vimeshikwa na mpira tumboni, na kwa ukavu wa Dodoma wa kwangu ulikatika, miguu ikadondoka mbele ya wageni.

Mama Redio
Marehemu mume wangu alikusanya redio. Naye alianza na rafu moja.

Mwalimu wa Makole
Sijaelewa jambo moja. G.I. Joe wa inchi 12 ndiye aliyetangulia, mwaka 1964, na hao wadogo walimfuata 1982. Kwa nini umtoe mkubwa wao, na anakwenda wapi?

Kabati la Kisasa
Kusema kweli, si wangu. Ni wa kaka yangu, aliyeniachia nimtunzie alipohamia Singida, na kuna mtu atapita Jumamosi tubadilishane kwa He-Man wawili. Kaka hajamuulizia kwa miaka sita, na vumbi nimemfuta mimi.

Mwalimu wa Makole
Amana haigeuki mali yako kwa kuifuta vumbi. Nilipokwenda Kondoa nilimwachia jirani mbuzi wawili, nikarudi nikamkuta mmoja, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Mbuyu Tasa
Mnahangaika na hadithi ya kutunga. He-Man alianza kuuzwa 1982, sasa wa 1981 wametoka wapi? Huyu hana mdoli wala kaka.

Zabibu Kavu
Hapo umemwonea. Kinachoandikwa mgongoni ni mwaka wa hakimiliki, si wa kuuzwa, na ndiyo maana kupanga kwa mwaka huo kunapotosha.

Kabati la Kisasa
Ahsante kwa kunitetea. Kaka ninaye, na mchana huu nimempigia simu. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza kama buti zote mbili za mdoli wake bado zipo. Ipo moja.