Khalati yangu aliye Marekani: ni nani anayestahili mhudumu wa afya wa nyumbani?

Mwana wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum. Khalati yangu, mwenye umri wa miaka 71, anaishi Marekani na bima yake ni Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee. Alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na sasa hutembea kwa mkongojo huku ameshikwa. Binti yake ameomba mhudumu wa kumwogesha na kumvisha, akajibiwa kuwa mama hastahili, kwa sababu haja yake ni kuogeshwa tu, na tena kila Ijumaa hupelekwa msikitini. Huku kwetu jamaa hupokezana zamu za kumuuguza mgonjwa, hivyo jambo la kustahili au kutostahili limetutatiza. Naomba ufafanuzi.

Muuguzi mstaafu, Malindi
Wa alaykum salaam. Mwenyezi Mungu amuafu. Niliwahi kufanya kazi ya uuguzi wa majumbani huko.

Medicare haimlipii mhudumu peke yake. Mhudumu huja nyuma ya mtaalamu. Ni lazima daktari athibitishe kwamba mgonjwa anahitaji muuguzi wa kumjia kwa vipindi, au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au wa kurudisha usemi, na awe amemwona mgonjwa ana kwa ana ndani ya siku 90 kabla ya huduma kuanza au siku 30 baada yake. Hapo ndipo mhudumu wa kuogesha huongezwa katika mpango huo, bila mgonjwa kutozwa chochote. Kwa hiyo binti amuulize daktari kwanza kuhusu mkono na mguu wa mama, kisha ndipo azungumzie kuoga.

Hilo la msikiti lisiwatie hofu. Sharti ni kwamba kutoka nyumbani kuwe kwa taabu kubwa na kwa kuhitaji mtu au kifaa cha kumsaidia, na khalati yuko katika hali hiyo hasa. Kwenda hospitali au kwenye ibada hakumwondolei haki yake, na aliyewaambia vinginevyo amekosea.

Msitarajie, hata hivyo, mtu wa kukaa naye kutwa na kucha. Saa za muuguzi na mhudumu zikijumlishwa, kwa kawaida hazizidi 8 kwa siku wala 28 kwa wiki.

Mwana wa Langoni, Lamu
Ahsante sana, mama. Mtaalamu wa viungo aliwahi kuja, kisha akaacha kwa madai kwamba mgonjwa haonyeshi nafuu.

Muuguzi mstaafu, Malindi
Mwanangu, hiyo si sababu halali. Tangu makubaliano ya mwaka 2013 katika kesi ya Jimmo, ambamo wagonjwa waliishtaki serikali kuhusu Medicare, imewekwa wazi kwamba huduma ya kitaalamu hulipiwa hata ikiwa lengo ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Walipaswa pia kumpa taarifa ya maandishi angalau siku 2 kabla ya kusitisha, yenye maelezo ya namna ya kukata rufaa. Binti aitafute karatasi hiyo, na daktari aandike upya ombi la mazoezi.

Mkaazi wa Shela
Naongeza moja tu. Ikiwa kipato cha khalati ni kidogo, binti aulize pia kuhusu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, katika jimbo lao, kwani masharti yake hutofautiana, na Medicaid huweza kulipia msaada wa kuoga na kuvaa pasipo muuguzi. Yako majimbo ambayo hata mtoto wa mgonjwa hulipwa kwa kumtunza mzazi wake.