Wageni wakija shamba la zabibu Dodoma wanataka nini hasa?

MkulimaHombolo:
Wakuu habari zenu. Sisi kwetu Hombolo tuna shamba la zabibu, miaka yote tunauza zabibu au mchuzi wa zabibu (yaani zabibu zilizokamuliwa) kwa wenye viwanda. Sasa tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 watu wa Dar wanakuja wikendi wanaulizia pa kutembea, tukawaza tuwapokee, wazunguke shambani na waonje waini kidogo ya kwetu. Waliowahi kwenda sehemu kama hizi, nini kilikufanya ufurahie au uone hela yako imepotea?

dada_area_D:
Kuna sehemu tulienda, jina naliacha, tumefika saa saba mchana jua kali, tunapewa waini nyekundu ya moto kwenye vikombe vya plastiki na mhudumu ukimuuliza hii zabibu gani hajui, anakwambia tu hii dry hii sweet. Iliniuma sana maana Dodoma tuna vitu vya kusimulia jamani, kuna zabibu inaitwa Makutupora kabisa, jina la hapahapa! Halafu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari/Machi na Agosti/Septemba, Ulaya wanavuna mara moja. Kaka, anayezungusha wageni awe mtu wa shambani, yule anayepogoa mwenyewe, sio dada wa kaunta. Na jokofu nunua kabla ya viti, hata nyekundu huku inataka kupoozwa kidogo.

Bwax:
Nilishafika Stellenbosch Afrika Kusini, wale wana njia yao ya kutembelea mashamba ya waini tangu 1971, mashamba yanashirikiana. Unakaa mezani, anakumiminia kidogo kidogo anakueleza, kuna chombo cha kutemea kama hutaki kumeza, usiponunua chupa hakuna anayekununia. Hilo la mwisho ndo lilinifanya ninunue. Na ile zabibu nyeupe ya Chenin Blanc wanayojivunia kule hata Dodoma ipo, ila wewe usiige jibini yao, weka mbuzi choma, mtu wa Dar atakushukuru.

mama_Neema:
Msitusahau tusiokunywa. Mimi nimeokoka, nilienda na wenzangu wa kazini, wao wanaonja mimi nimewekewa soda, yani shamba lote la zabibu nakunywa soda?? Nipeni juisi ya zabibu, zabibu kavu za kubeba, nivune hata kishada kimoja na mkono wangu. Na choo kiwe na maji.

MkulimaHombolo:
Asanteni mno, hilo la juisi hatukuliwaza kabisa na ndo rahisi kuliko yote. Mzee wangu anapogoa toka ujana wake, nitamuomba yeye ndo atembeze watu. Kinachonisumbua ni usafiri, mtu akishaonja hatakiwi kushika usukani.

Kosta_Dom:
Mkuu kodi kosta moja ichukue watu stesheni asubuhi iwarudishe jioni kabla ya treni, nauli ijumlishwe kwenye kiingilio. Ila leseni ya vileo na mambo ya TBS (shirika la viwango) maliza kwanza kabla hujatangaza popote.