Mashine ya gemu za kaseti: kufufua ya zamani, kununua mpya au kuchezea kwenye simu?

MwishoWaReli
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukihamisha vyombo vya marehemu baba kutoka Ujiji kuja Mwanga, hapahapa Kigoma, nilikuta juu ya kabati mashine yetu ya gemu, imefungwa ndani ya mfuko wa unga pamoja na padi mbili za kushika mkononi, bunduki ya mchezo na kaseti tano za manjano. Mzee aliinunua mwaka 1998 baada ya msimu mzuri wa dagaa, na kwa miaka miwili sebule yetu haikuwa na nafasi ya mtu mzima kukaa. Sikukuu ijayo wanangu watakutana hapa na watoto wa kaka wanaokuja kwa treni kutoka Tabora, nami nataka wacheze vifaru watu wawili na wawinde bata kwa bunduki kama tulivyofanya sisi. Je, niipeleke kwa fundi, ninunue zile mpya zenye mamia ya michezo ndani, au nitumie programu ya simu inayoiga mashine hizo?

Mgebuka
Mkuu, simu inatosha. Mchezo mzima wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 una ukubwa wa kilobaiti 40 tu, yaani picha moja unayompiga samaki pale mwaloni inauzidi mara nyingi. Utaunganisha simu na TV, utatafuta padi mbili za bluetooth, na umeme ukikatika mchezo utaendelea pale ulipoishia. Hayo mengine ni kutafuta kazi.

FundiGungu
Ndugu MwishoWaReli, kabla ya mashine, niambie una TV gani, kwa sababu bunduki ndiyo itakayoamua. Bunduki ile haitoi kitu chochote. Ndani yake kuna jicho linalohisi mwanga. Ukifyatua, mchezo huifanya skrini yote kuwa nyeusi kwa muda mfupi mno, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata, na jicho likiuona mraba huo kwa wakati uliopangwa, bata anaanguka. TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, huchora picha mstari kwa mstari papo hapo, ilhali TV bapa huipokea kwanza, ikaichakata, ndipo ikaionyesha, na kuchelewa huko, hata kukiwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde, kunatosha kumfanya bata asife kamwe. Kwa hiyo kwenye TV bapa utacheza vifaru, lakini bunduki utaiweka kabatini.

Sasa mashine yenyewe. Nyingi zilizofika huku hazikuwa Family Computer ya Nintendo, ile iliyotoka Japani mwezi Julai 1983, bali nakala zake zinazopokea kaseti za meno 60, yaani vile vipande vya chuma vinavyoingia kwenye mashine, kama za kule. Ifungue kwa bisibisi. Ukikuta chipu ndefu zenye miguu mingi, una nakala ya kizamani na sehemu zake zinabadilishika. Ukikuta tone moja jeusi la gundi ngumu, basi karibu mashine nzima imo ndani ya tone hilo, na likifa hakuna fundi wa Gungu wala wa Kariakoo atakayelifufua. Hata hivyo, mashine nyingi ninazoletewa tone huwa zima, na iliyoungua ni regeleta ya miguu mitatu iliyoandikwa 7805, ambayo huzishusha volti za adapta hadi tano. Nayo adapta iangalie vizuri: kwenye Family Computer ya asili hasi iko katikati ya pini, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi, na zipo nakala zilizofuata mpango huo. Ukichomeka tu adapta yoyote inayoingia, utaniletea maiti.

Kaseti zisafishe meno kwa pamba na spiriti, ziache zikauke. Usipulize. Sote tulipuliza, nami nilikuwa bingwa, lakini pumzi ina unyevu na unyevu unaharibu meno. Kilichokuwa kikisaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya.

MamaKatubuka
Naomba nitofautiane na Mgebuka. Mchezo wa vifaru, yaani Battle City ya Namco, raha yake ni ugomvi. Ukimpiga mwenzako risasi, kifaru chake kinaganda pale kilipo huku maadui wakipita, na ukikosea shabaha unaweza kumuua tai mnayemlinda wenyewe na mchezo ukaisha kwa wote wawili. Kaka yangu alikuwa akinigandisha makusudi, nami nilikuwa nikiuvuta waya wa padi yake. Ugomvi wa namna hiyo unahitaji watu wawili waliokaa mkeka mmoja.

Kuhusu zile mpya, niliwanunulia wanangu mwaka jana. Boksi linatangaza mamia ya michezo, lakini ukishuka kwenye orodha unaukuta uleule umerudiwa kwa jina jingine, kama ilivyokuwa kwenye kaseti zetu zilizoandikwa 9999999. Haina tundu la kaseti, kwa hiyo hizo tano zako zitabaki pambo. Vitufe vya padi vilianza kuzama mwezi wa tatu.

Mgebuka
Dada, mkeka nimeukubali. Lakini padi mbili za bluetooth nazo zinakaa mkeka mmoja, na waya wa kuvuta hakuna, labda hilo ndilo linalokuuma. Kwenye bunduki sina jibu, fundi amenifunga.

Kibirizi77
Asije mtu akakushauri kuagiza ya asili kutoka Japani, kama nilivyoshauriwa mimi. Adapta yake ni ya umeme wa volti 100, nami niliichomeka moja kwa moja ukutani, ikatoa moshi kabla sijakaa. Nilipopata adapta nyingine, TV yangu haikuona picha, kwa sababu mashine ile hurusha kwenye chaneli za Kijapani ambazo TV za huku hazizipati. Padi zake zimefungwa moja kwa moja kwenye mashine, nyaya zake ni fupi, na padi ya pili haina hata kitufe cha kuanzia. Ile ya Marekani nayo hutumia kaseti za meno 72, kwa hiyo zako hazitaingia. Kama unahitaji TV ya chogo, jirani yangu anayo ya inchi 14, anawekea ndoo juu yake.

MwishoWaReli
Nashukuruni. Jumamosi niliifungua: kuna tone jeusi, fundi, na juu yake alikuwa amejenga nyigu. Nimeondoa udongo kwa brashi ya meno, nimesafisha kaseti, nikatumia adapta ya zamani iliyokuwemo mfukoni. Kwenye TV bapa, kaseti ya vifaru imetoa picha yenye mistari, bila sauti. Ya bata imekataa mara nne, ya tano ikakubali. Bunduki haimpigi hata mbwa wa kwenye mchezo.

Kibirizi77, mwambie jirani asiiuze hiyo TV, nitashuka kesho baada ya alasiri. Fundi, sauti inapotea kabisa hata nikitikisa waya wa AV, ule wa picha na sauti. Nianzie kwenye soketi au kwenye waya wenyewe?

FundiGungu
Anzia kwenye waya, ndio rahisi kujaribu. Soketi usiiguse, niletee.