Makopo mapya ya tumbaku ya kiko: moja lanuka lami, jingine siki. Ni mazima?

Mzee wa Chang'ombe

Wakuu, salaam. Navuta kiko tangu ujana, ila nimezoea zile tumbaku za vanila ambazo ukifungua pakiti nyumba nzima inajua. Mwanangu karudi kutoka Uingereza juzi, kaniletea makopo mawili ya bati. Yote mapya, hayajaguswa, na yote yamenishangaza.

La kwanza limeandikwa kuwa lina Latakia. Majani meusi tii. Nilipofungua sikusikia harufu ya tumbaku kabisa: ni lami, ngozi na moshi wa kuni. Nimefanya kazi kwenye maghala ya bandari hapa Dar hadi kustaafu, nimeishi na katani, karafuu, korosho na ngozi, kwa hiyo pua yangu naiamini. Mzigo ungeshushwa ukiwa na harufu hii ningeandika kwenye karatasi kwamba ulikaa jirani na moto.

La pili ni Virginia na Perique, majani yaliyoshindiliwa yakakatwa vipande bapa. Tarehe iliyopigwa chini ya kopo ni ya miaka kadhaa nyuma. Kifuniko kiligoma mpaka nikakibanjua kwa sarafu, hewa ikaingia kwa sauti, kisha ikatoka harufu ya siki pamoja na zabibu kavu. Siki kweli, ya kuwasha pua.

Sijavuta hata moja. Ndivyo yanavyotakiwa kuwa, au yameharibika? Kijana katoa hela yake, sipendi kuyatupa. Na kitu kilichooza sivuti.

Kijana wa Mbagala

Siki maana yake imechacha mzee. Hilo la pili tupa. La kwanza sijui.

Mtoto wa Namtumbo

Mzee shikamoo. Naomba usitupe chochote kwanza.

Mimi nimekulia kwenye tumbaku. Kwetu Ruvuma tunalima tumbaku ya moshi, ile inayotundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na kuwashiwa kuni chini yake, moshi uingie kwenye jani. Ukipita karibu na bani wakati wa kukausha, shati linanuka mpaka ulifue. Latakia ni ndugu wa kazi hiyo. Jina ni la bandari ya Latakia kule Syria, ingawa siku hizi nyingi hutoka Kupro. Jani dogo la huko hukaushwa juani kwanza, halafu linafukizwa kwa muda mrefu juu ya moto wa miti na vichaka vyenye harufu, misonobari ikiwemo. Kwa hiyo lami na moshi ulivyovinusa ndiyo tumbaku yenyewe, na pua yako haikukosea: mzigo huo ulikaa juu ya moto kwa makusudi. Latakia isiyo na harufu hiyo ndiyo ya kuitilia shaka.

Hilo la siki ndilo linalowatisha watu bure. Virginia ni jamii ileile ya tumbaku ya mvuke inayolimwa Tabora, Urambo na Chunya. Hukaushwa kwa joto la bomba bila kuguswa na moshi, na sukari nyingi hubaki ndani ya jani. Ukilishindilia na kulifungia kwenye kopo likiwa na unyevu, linaendelea kubadilika polepole. Harufu kali hukusanyika chini ya kifuniko, haina pa kutokea, na siku ya kufungua inakupiga yote kwa mkupuo.

Tena lako lina Perique. Hiyo ni ya wilaya ya St. James, Louisiana, Marekani. Majani hupakiwa kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa wiski, yanakandamizwa mpaka maji yake yenyewe yanatoka, na yanachachuka humo kama mwaka mzima, huku yakitolewa kupigwa hewa na kurudishwa tena. Kijana wa Mbagala hajakosea kusema imechacha, ila imechachushwa na watu wanaojua wanachofanya. Harufu ya matunda makavu na siki ni sifa yake.

Tandaza kiasi cha kujaza kiko kimoja kwenye karatasi, pangaboi izunguke taratibu, uache saa moja hivi ndipo unuse tena.

Dada wa Upanga

Naongezea kidogo. Mimi nauza manukato na udi, na marehemu babu alikuwa mtu wa kiko. Usije ukashtuka siku ukiletewa tumbaku za Kendal, kaskazini mwa Uingereza, mji ambao umekuwa na viwanda vya tumbaku tangu miaka ya 1790. Baadhi yake zinanukia sabuni na waridi. Wanatia mafuta ya maua na mbegu za tonka, ambazo harufu yake iko kati ya lozi, vanila na nyasi zilizokatwa karibuni. Wapo wanaozipenda sana. Mimi nikinusa naona zimeonewa, manukato yanalifunika jani.

Mzee wa Chang'ombe

Marahaba mwanangu wa Namtumbo, na ahsante binti. Nimefanya hivyo. Siki imepungua sana, zabibu zimebaki mbele. Ila nilipoviangalia vile vipande kwenye mwanga nimeona vidoa vyeupe. Hilo nalo?

Mtoto wa Namtumbo

Hapo mzee ndipo pa kuwa makini kuliko kwenye harufu ya siki. Chukua lenzi. Kama ni chembechembe zinazometa, zimelala juu ya jani na hazina nyuzi, hizo kwa kawaida ni sukari na chumvi za jani lenyewe zilizojitokeza, hazina neno. Kama ni manyoya manyoya, yanavuka kutoka kipande hiki hadi kile mithili ya utando wa buibui, au yana rangi ya kijivu au kijani, huo ni ukungu. Ukungu una harufu yake, ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, nayo haiondoki hata ukiacha chini ya pangaboi siku nzima. Ukiikuta, kopo zima liende. Usichambue kipande kizuri na kibaya, maana mbegu za ukungu hazionekani kwa macho.

Likiwa zima, usiliache kwenye bati ukishafungua. Kifuniko hakibani tena kama mwanzo, na unyevu wa Dar, hasa masika, unaingia. Kariakoo zipo chupa za kioo zenye mfuniko wa mpira. Ioshe, ikauke kabisa, weka tumbaku, ikae kabatini mbali na jua. Hilo la Latakia litafutie chupa yake peke yake, maana moshi ule unahamia kwenye kila kilicho jirani.