Mafundi, acheni kuchomeka LED kwenye trafo ya halojeni bafuni!

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu ni wa mafundi umeme wa Unguja na Pemba, na wanaowauzia taa pia wasome.

Nyumba zilizotiwa dari la jipsam zamani bado zina vitaa vya halojeni vya wati 50 bafuni. Mwenye nyumba anaona uniti za Tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) zinavyokatika, anaomba LED. Haki yake: vitaa vinne vilivyokuwa vikila wati 200 vitakula 20 tu, kwa globu za wati 5. Fundi anapanda ngazi, anachomoa globu kuukuu, anachomeka mpya, anashika chake, huyo! Haupiti muda taa zinapepesa, moja imekufa, na jibu ni lilelile: "LED za siku hizi feki." Feki ni kazi yako, bwana.

Tazama miguu ya globu kabla hujanunua kitu. Vijiti viwili vyembamba vilivyoachana milimita 5.3 ni GU5.3: hiyo ya volti 12, na juu ya dari kuna trafo inayoshusha 230 kuwa 12. Miguu yenye vichwa, unayoingiza ukazungusha, ni GU10, inakula volti 230 moja kwa moja. Sasa isome trafo mgongoni. Nyingi za elektroniki zimeandikwa wati 20–60 au 35–105, nanyi mnasoma namba ya mwisho tu. Ya mwanzo ndiyo inayowaumbua! Chini ya wati 20 trafo haishiki: inawaka, inajizima, inajaribu tena. Globu ya wati 5 ni robo ya mzigo inaoutaka. Isitoshe, umeme unaotoka humo hugeuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na globu nyingi za LED hazikutengenezewa umeme huo.

Basi toa trafo. Weka draiva ya LED, yaani kifaa cha kuilisha umeme wake, ya volti 12 DC (umeme usiogeuka mwelekeo), yenye wati zinazozidi jumla ya globu. Kwa globu nne za wati 5 chukua ya 25 au 30. Iwekwe mahali inapofikika kwa kupitia tundu la taa, isizikwe darini.

Wengine mnapenda kugeuza iwe GU10, na hapa ndipo penye balaa lenyewe. Waya uliotoka kwenye trafo kwenda kwenye holda ni wa nyuzi mbili, hauna ethi (waya wa kinga unaokwenda ardhini), kwa sababu volti 12 hazikuihitaji. Fundi anaruka trafo, anapeleka 230 kwenye waya uleule, na ringi ya chuma inayoshika taa inabaki bila ethi juu ya kichwa cha mtu aliyerowa. Hivyo mnalala usingizi? Vuta waya wa nyuzi tatu, milimita za mraba 1.5, kutoka kwenye boksi. Au nunua taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Hiyo haihitaji ethi. Na saketi ya bafu iwe na RCD (breka inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, hata kama mwenye nyumba analalamikia bei.

Juu ya shawa, chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni, na sentimita 60 pembeni mwake, kinga ya maji na vumbi ya IP44 ndiyo ya chini kabisa. Kwangu hapo ni IP65, basi. Na hiyo IP ni ya taa nzima, ringi na kioo na mpira wake. Globu nzuri ndani ya ringi wazi haizuii mvuke. Ila ukiifungia LED ndani ya kioo, hakikisha imeruhusiwa kukaa taa iliyozibwa, kwa sababu joto ndilo linaloua kapasita zake.

Maungio ya kusokota na tepu yakome. Mvuke wa bafu na chumvi ya bahari hugeuza shaba kijani, muungo unapata joto, taa inaanza kucheza na lawama inapewa globu. Konekta ndani ya boksi, imekwisha.

Pima tundu kabla ya kwenda dukani. Dogo hupanuliwa, kubwa hulipunguzi.

Jibu kutoka Chake Chake:
Maalim, umesema kweli tupu, ila kuna zile taa zinazobaki na mwanga hafifu swichi ikiwa imezimwa. Watu wanabadilisha globu tatu, nne, wakati swichi inakata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya waya wa moto. Halojeni ilikuwa inalificha kosa hilo, LED inalianika.

Mwenye uzi:
Naam, sheikh wangu. Na ndiyo hatari yenyewe, maana swichi imezimwa lakini holda ina moto. Kwa hiyo anayebadilisha taa azime breka kuu, kisha aguse kwa testa kwenye holda, si kwenye swichi. Na testa yenyewe aijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme.