Udongo wa mbuga nyuma ya nyumba, mboga zinagoma. Nimwage mchanga?

mchicha_wa_jioni
Wakuu habari za muda huu. Nipo Shinyanga, nyuma ya nyumba nina kieneo kama mita 10 kwa 8 nataka mchicha, chainizi na nyanya za kula nyumbani tu. Shida ni ule udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unaganda kwenye mabuti mpaka huwezi kutembea, jua likiwaka unapasuka nyufa mkono unaingia. Mchicha unaota fresh halafu unakuwa wa njano unadumaa. Fundi kaniambia nimwage mchanga nichanganye ila bei ya tripu imenishtua, kuna njia ya hela ndogo?

Babu Tuta
Huo mchanga achana nao mkuu. Ili ubadilishe mfinyanzi inabidi uwe karibu nusu ya udongo wote, kwa eneo lako ukichimba sentimita 20 tu hapo ni mita za ujazo kama 8, na ukiweka kidogo kidogo unapata kitu cha kufyatulia tofali. Huo unjano ni maji yamesimama, mizizi haipati hewa. Inua matuta sentimita 30 hivi, upana mita 1 ili usikanyage katikati, acha mfereji maji yatoke, halafu samadi iliyooza ndoo 2 kila mita ya mraba. Samadi huko kwenu ng'ombe wamejaa, wengine wanakupa bure ujibebee mwenyewe.

mamakuku
Naongezea, nenda kwenye mashine za kukoboa mpunga pumba zinatupwa tu pale. Ila usizifukie mbichi zitakula naitrojeni yote mboga ziwe njano zaidi, mimi natandika kwanza kwenye banda la kuku, zikishachanganyika na kinyesi nazirundika namwagia maji nageuza mpaka zisiwe na joto tena ndo napeleka shambani. Ya kuku ni kali jamani, usiweke nyingi kama ya ng'ombe.

kidume_wa_pamba
Si upande mpunga tu mkuu 😂😂

mchicha_wa_jioni
😂 Kwa hiyo nikalime hata kesho? Juzi imenyesha. Na kuna mtu kasema chokaa

Babu Tuta
Kesho hapana! Ukilima umelowa unatoa mabonge yakikauka hata nyundo haivunji. Chukua kidogo mkononi usokote kama penseli, ikisokoteka na kujikunja bila kukatika subiri, ikimeguka ndo unaingia na jembe uma. Usisubiri sana pia maana ukikauka kabisa jembe linadunda, hapo katikati una siku chache tu. Chokaa ni ya udongo wenye asidi, wa mbuga mara nyingi hauna asidi, hiyo hela nunua mbegu.

mamakuku
Na ukishapanda tandaza nyasi kavu juu ya tuta, zile nyufa zinapungua sana. Weka samadi kila msimu lakini, inaoza inaisha, usitegemee ukiweka mara moja basi.

mchicha_wa_jioni
Asanteni sana, lori nimeshaghairi. Je sehemu ambayo sitaweza kuihudumia saa hizi?

Babu Tuta
Weka mbaazi, mizizi yake inaenda chini sana inakupasulia huo udongo bure na majani yakidondoka yanakuwa mbolea. Ukishavuna kata shina usoni mwa ardhi, usiing'oe, mizizi iozee humo humo.