Maji ya Chwaka yamechafuka: taa, kichujio au programu?

MwaniChwaka: Assalamu alaykum. Napiga picha za mashamba ya mwani chini ya maji, kamera ndogo ndani ya kasha. Masika haya kila picha ni tui la nazi. Pesa yangu yatosha kitu kimoja: taa, kichujio cha polaraizi (kioo cha mbele ya lenzi cha kupunguza mng'ao), au programu ya kusafisha picha?

PwezaMkoani: Waalaykum salaam. Yakhe, taa usikimbilie. Yangu niliifunga juu ya lenzi, picha ikajaa vidoto vyeupe kama nimemwaga unga. Mwanga unapiga chembe zilizo mbele yako na kukurudia. Ukiwa nayo, iweke mbali pembeni, imulike kwa upande.

FundiWete: Programu hung'arisha, ila kisichofika kwenye lenzi hairudishi. Ile Sea-thru, njia ya kompyuta ya kusafisha picha za chini ya maji, ya watafiti Derya Akkaynak na Tali Treibitz, 2019, inataka kujua umbali wa kila kitu pichani. Si kubonyeza tu. Na wekundu ndio unaomezwa mwanzo na maji.

BintiTanuu: Mie napiga picha za matanuu ya kuchomea chokaa, kwenye moshi. Kamera ya joto, kama za zimamoto, inamwona mtu nyuma ya moshi, lakini sura humjui, ni doa tu. Baharini usiipeleke, maji yanaumeza ule mwanga wa joto.

MwaniChwaka: Basi nichukue polaraizi?

PwezaMkoani: Hupunguza weupe kidogo, lakini inakula mwanga, na kwenye maji ya giza picha itatikisika. Hebu weka pesa mfukoni kwanza. Wakati wa bamvu, maji yakijaa na kupwa sana, mkondo unavuruga tope; wewe ngoja maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo, uingie yakishajaa. Tumia lenzi pana, ukaribie mpaka uone aibu! Mimi hunyoosha mkono: nisipoona vidole, napanda ngalawani.

FundiWete: Hapo kaka kasema. Maji yakiwa machache kati yako na kitu, chembe nazo chache.

MwaniChwaka: Nimerudi. Leo mwezi mwandamo una siku nane, maji mafu. Nimepiga kwa umbali wa shibiri mbili, bila taa. Fundo la taitai, ule uzi wa kufungia mwani, linaonekana, mpaka konokono kwenye kamba. Picha ya kigingi cha pili, kama mita mbili hivi, bado tui.

BintiTanuu: Tuwekee hiyo ya konokono.